Chipsi zilizopanda lifti

   Wiki hii sitaki tuzungumze mapenzi wala nani kamchuna nani, hayo wenzangu wa kurasa za mbele wanayaweza. Leo nataka tupande lifti, tuingie chumba cha hoteli kubwa, tukae kitandani na kunyanyua ile simu iliyowekwa pembeni ya taa. Ile simu, jamani, ina mambo.

Kwa wale ambao hamjawahi kulala hoteli za namna hiyo (na wala si aibu, wengi wetu tunazijua kwa nje tukiwa tumening'inia kwenye daladala), utaratibu uko hivi. Unabonyeza namba, mara nyingi tarakimu moja tu. Upande wa pili inaitika sauti laini kama imepakwa siagi, na inakutaja kwa jina. Usishtuke ukadhani umeshakuwa staa. Mwenye sauti ana kompyuta mbele yake, ukipiga tu inamwonyesha namba ya chumba na jina la aliyelala humo. Unasema unachotaka, anakurudia ulichosema chote, anakwambia usubiri dakika ngapi, pengine nusu saa, halafu anakutakia usiku mwema. Baadaye mlango unagongwa. Msosi umekuja wenyewe, wewe hujavaa hata kandambili. Wakubwa wanaita huduma ya chumbani, wenyewe wanaoifanya wanaita rumu sevisi.

Raha tupu, au siyo? Subiri karatasi itoke.

Kuna jamaa wa mtaani kwetu alichaguliwa na ofisi yao kwenda semina Arusha, siku tatu, hoteli ya nguvu. Usiku wa kwanza njaa ikambana, akaona soo kushuka mgahawani na kandambili zake, akapiga ile simu. Chipsi na robo kuku, soda mbili. Vikaja vimefunikwa na mfuniko wa chuma unang'aa kama kioo, na ua moja kwenye chupa. Mhudumu akampa karatasi ndani ya jalada jeusi, asaini. Jamaa akasaini kwa mbwembwe. Baadaye alituambia alidhani ile saini ni ya mahudhurio, kama zile za semina. Kwa kuwa aliona kusaini hakuumi, usiku wa pili akasaini tena, na wa tatu akaongeza supu.

Siku ya kuondoka akaitwa mapokezi. Barua ya mwaliko, ambayo hakuisoma hadi mwisho, ilisema waandaaji wanalipia chumba na kifungua kinywa, mengine yote mshiriki atajilipia mwenyewe. Sahani moja ya chipsi kuku ilikuwa imeandikwa shilingi 38,000, ambayo kijiweni kwetu haifiki hata 7,000. Chini yake kulikuwa na tozo ya kuletewa chumbani. Jamaa akakodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Dada, hizi chipsi zilipanda ndege?"

"Hapana kaka yangu," akajibiwa kwa heshima zote, "zilipanda lifti."

Posho ya siku tatu ikaishia pale pale kaunta. Zawadi alizoahidi watoto zikawa peremende za basi.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini mimi ni mtu wa kuchimba, lile jibu la lifti likanikaa kichwani. Elfu thelathini na kitu kwa ajili ya lifti? Nikamfuata mshikaji wangu mmoja tuliyemaliza naye kidato cha nne, ambaye sasa hivi anabeba trei katika hoteli moja ya katikati ya jiji. Jina lake na la hoteli nayameza. Kibarua chake nakihitaji pengine kuliko yeye, maana akipata mshahara na mimi soda nakunywa.

Mshikaji akanieleza mambo ambayo ukikaa kitandani huyaoni. Ukishakata simu, oda yako inachapwa jikoni. Wakati mpishi anakaanga, yeye anapanga trei: kitambaa, kisu, uma, kijiko, chumvi, pilipili manga, kichupa cha tomato, glasi na barafu. Akisahau chumvi amekwisha, maana chumvi iko chini na wewe uko ghorofa ya tisa. Oda ikiwa kubwa anatumia troli, lile lenye mbawa za kukunjua likawa meza kamili, na chini yake kuna sanduku la joto la kutunzia sahani. Lifti ya wageni haruhusiwi kuigusa. Anapanda ile ya nyuma, ya wafanyakazi, ambayo ana ubia nayo na watu wa kufua mashuka na wa takataka. Kama ghorofa ya tano kuna mtu anaingiza magodoro, anasubiri. Huko nyuma barafu inayeyuka, na chipsi zinaanza kutoka jasho ndani ya mfuniko. Aliniambia adui mkubwa wa chipsi za chumbani ni mvuke wake mwenyewe. Zikifunikwa sana zinalegea, zikiachwa wazi zinapoa. Ndiyo maana ukizila huwa unahisi kuna kitu hakiko sawa na za kijiweni, ambazo zinatoka kwenye karai zikaingia mdomoni.

Sasa piga hesabu. Chini mgahawani, weita mmoja anahudumia meza nne au tano kwa wakati mmoja. Huku juu, mtu mzima mwenye miguu miwili anatumia robo saa na zaidi kwa sahani moja ya mtu mmoja, na baadaye lazima apande tena kufuata vyombo. Vijiko vingine havirudi, vinaondoka kwenye mabegi ya waheshimiwa. Na saa 9 usiku, hata kama simu haitalia hadi kunakucha, lazima mpishi mmoja awe macho, mpokea simu mmoja na mbeba trei mmoja. Ndiyo maana hoteli nyingi usiku wa manane zinakupa orodha fupi ya vyakula, vile ambavyo mpishi mmoja anaviweza peke yake. Na ndiyo maana asubuhi wanapenda utumie ile kadi ya kutundika kwenye kitasa cha mlango usiku, unaweka alama unataka mayai ya namna gani na uletewe saa ngapi, ili wasishtukizwe na simu hamsini kwa mpigo saa 1 asubuhi.

Kwa hiyo yule dada wa mapokezi hakusema uongo. Unalipia lifti, unalipia usingizi wa watu na unalipia miguu. Chipsi ni kisingizio tu.

Kumbe basi huduma hii na sisi watoto wa uswahilini tunayo siku nyingi, ila hatukuipa jina la Kizungu. Nenda gesti yoyote ya Manzese au Magomeni. Mgeni anachungulia mlangoni, anaita, "Dogo! Niletee chipsi mayai na maji makubwa." Dogo wa mapokezi anavuka barabara na noti yako ya elfu kumi, anagombana na bodaboda, anarudi na sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, kachumbari pembeni, na chenji anakuhesabia mkononi. Ukimwambia "baki nayo hiyo mia tano," anatabasamu hadi jino la mwisho. Hakuna jalada jeusi wala ua kwenye chupa. Lakini dogo umemwona. Umeona kandambili zake zimelowa, unajua mvua inanyesha, unajua katoka wapi na kafika wapi.

Kwenye hoteli kubwa miguu imefichwa na zulia. Mgeni anaona mkono wenye shati jeupe, anaona mfuniko unang'aa, basi. Msosi kama umeota ndani ya chumba. Na kitu usichokiona ni rahisi sana kukisahau, hilo ndilo linalonikera mimi.

Usidhani wanaolia na gharama ni hoteli za kwetu tu. Huko Marekani, hoteli ya Waldorf-Astoria ya New York ndiyo hutajwa sana kuwa ya mwanzo kupeleka chakula chumbani kwa mtindo huu tunaoujua. Jiji hilohilo, mwaka 2013, hoteli ya New York Hilton Midtown, yenye vyumba karibu 2,000, ikaamua basi, huduma ya chumbani imefutwa. Watu 55 wakakosa kazi. Mgeni mwenye njaa akaambiwa ashuke mwenyewe chini ajinunulie kwenye duka la vyakula la hoteli. Hoteli kubwa kuliko hata baadhi ya mitaa yetu, ikashindwa na lifti!

Wengine wakaona dawa ni kumtoa binadamu wakaweka mashine. Mwaka 2014 hoteli ya Aloft ya Cupertino, California, ilianza kutumia roboti fupi yenye magurudumu, wakaiita Botlr. Ilikuwa inapanda lifti yenyewe, ikifika mlangoni inapiga simu chumbani, mgeni anafungua, mfuniko wake unafunguka, anachukua mswaki au bisi zake. Haikuwa na mfuko wa tipu, ilikuwa inaomba isifiwe Twitter tu! Wajapani wakapitiliza. Mwaka 2015 walifungua Henn na Hotel katika mkoa wa Nagasaki, kuanzia mapokezi hadi kubeba mabegi ni roboti. Ndani ya chumba kulikuwa na kidoli cha kuongea naye. Sasa mgeni mmoja akalala akakoroma, kidoli kikadhani anaongezewa maneno, kikawa kinamwamsha kumuuliza anasemaje. Ilipofika mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba zaidi ya nusu ya roboti 243 zimeondolewa, kwa sababu zilikuwa zinawaongezea binadamu kazi badala ya kuwapunguzia. Mbavu sina.

Halafu ikaja korona mwaka 2020. Hoteli nyingi duniani zikawa zinaweka chakula kwenye mfuko wa karatasi nje ya mlango, mhudumu anagonga na kuondoka. Mpaka leo zipo zilizonogewa na mtindo huo. Nafuu, haraka, hakuna kuonana. Mshikaji wangu anasema kipindi kile alikuwa kama mzimu, anagonga milango ya watu asiowajua na kuziacha chipsi sakafuni.

Ila mtu anayeletewa chakula chumbani mara nyingi hatafuti chakula peke yake. Mshikaji kanihesabia wateja wake. Kuna aliyefika na ndege ya usiku, hata jina lake halikumbuki vizuri. Kuna mgonjwa anayetaka uji tu. Kuna msanii anayekimbia mashabiki, akishuka chini hamalizi hata kijiko. Kuna mwanamke aliyesafiri peke yake kikazi, ambaye akikaa mgahawani kila mwanaume anadhani anamsubiri yeye, basi anaona bora ale juu kwa amani. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaoomba daku waletewe chumbani, na Zanzibar mchana wa mwezi huo, asiyefunga hali hadharani, chumba kinakuwa ndiyo mgahawa wake. Na kuna mzee mmoja, anasema, aliagiza chai kila usiku saa 4 na hakuinywa. Alikuwa anataka mtu wa kumsalimia tu. Roboti ingemfanyia nini huyo?

Kuna na wale wa kuagiza vikombe viwili wakati chumba kimeandikishwa mtu mmoja. Najua hapo mmetega masikio! Mshikaji amekataa katakata kunipa majina. Sheria yao ya kwanza kazini ni macho kwenye trei. Unaingia, unaweka, unasainiwa, unatoka. Ulichokiona kitandani au chini ya kitanda kinabaki ghorofa ya tisa. Nikamwambia huo ni utajiri unautupa, magazeti tungekula. Akanijibu, "Kaka, mimi nina watoto wawili." Nikanyamaza.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya. Hapa tuache utani kidogo.

Kuna dada mmoja nimesoma naye sekondari. Alikuwa anafanya kazi hiyohiyo ya trei katika hoteli moja ya ufukweni. Usiku mmoja, saa 5 na kitu, ikaja oda ya chai ya tangawizi na sandwichi. Zamu ile alikuwa peke yake, akaipeleka. Akagonga kama alivyofundishwa, akataja kazi yake, akasubiri, akagonga tena. Mgeni akafungua amevaa taulo. Akamwambia aweke kule kwenye meza iliyo karibu na kitanda. Dada akapiga hatua mbili ndani, akasikia mlango nyuma yake umefungwa. "Kaa kwanza binti, unakimbilia wapi?" Yule bwana kasimama kati yake na kitasa.

Trei ikaanguka. Birika likapasuka, chai ikamrukia yule bwana miguuni, akaruka, dada akapata upenyo, akafungua akatoka mbio kwenye korido na kiatu kimoja.

Msimamizi wa zamu, swali lake la kwanza lilikuwa birika liko wapi. La pili, mgeni ameungua? Halafu akamwambia maneno ambayo dada huyu hadi leo akiyatamka anatetemeka: "Mteja ni mfalme, ungemchukulia taratibu." Mwisho wa mwezi akakatwa birika, vikombe viwili na hiyo sandwichi. Yule mgeni akala kifungua kinywa asubuhi, akaondoka anapunga mkono. Dada alivumilia miezi miwili, akaacha kazi. Sasa anauza vitenge Kariakoo na anasema halali yake anaiona.

Nimemuomba ruhusa niandike. Kasema andika, ila hoteli usiitaje, maana waliobaki pale ni wenzangu.

Nimekaa nikajiuliza, hivi katika zile elfu 38 za chipsi, fungu la ujasiri wa huyu dada liko wapi? Kwa sababu kazi yake siyo kubeba chai tu. Kazi yake ni kugonga mlango usiku bila kujua nyuma yake kuna nani, na kuingia akiwa ametabasamu. Polisi wenyewe wakigonga mlango wa mtu usiku wanakwenda wawili wawili!

Na msidanganywe kwamba sheria imelala. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kumnyanyasa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi na imekatazwa. Kuhusu kukata mshahara kwa sababu ya kitu kilichovunjika, mwajiri hajiamulii tu. Lazima iwe ni kosa la mfanyakazi, lazima ampe maelezo kwa maandishi, ampe nafasi ya kupinga, asikate zaidi ya thamani halisi ya hicho kitu, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sasa niambie, birika lililoanguka kwa sababu mtu kafungiwa mlango, hapo kosa ni la nani? Mgeni naye hana kinga yoyote kwa kuwa kalipa chumba. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliuingiza udhalilishaji wa kijinsia kwenye makosa ya jinai. Ufalme wa mteja unaishia kwenye menyu, polisi hawautambui.

Wenzetu huko nje nao walijifunza kwa machungu. Mwaka 2011 mhudumu wa usafi wa hoteli moja ya New York alimlalamikia kigogo mmoja wa fedha wa dunia kwamba alimshambulia chumbani. Kesi ya jinai ilifutwa mwaka huohuo, na madai yao ya fidia wakayamaliza kwa makubaliano mwaka 2012. Lakini zogo lile liliwaamsha watu. Mwaka huohuo wa 2012 chama cha wafanyakazi wa hoteli za New York kikapata mkataba mpya ambao ndani yake kuna vitufe vya kuomba msaada. Mhudumu anatembea nacho, akibanwa anabonyeza, wenzake wanakuja.

Tukisubiri vitufe hapa kwetu tutazeeka, ila mshikaji ananiambia hoteli zinazojiheshimu zina mambo rahisi yasiyohitaji hata betri. Mlango ukifunguliwa, mhudumu anauzuia kwa troli au kigingi, unabaki wazi muda wote akiwa ndani. Mgeni akiwa hajavaa, trei inaishia kizingitini. Usiku wa manane wanapanda wawili. Anayepanda anaacha namba ya chumba kwa mpokea simu, na akichelewa anafuatwa. Na mgeni mwenye tabia mbaya anawekewa alama, oda yake inapelekwa na mwanaume wa miraba minne. Mengi ya hayo hayana gharama kubwa. Kinachotakiwa ni msimamizi atakayeuliza habari za mtu kabla ya habari za birika.

Haya, kabla hatujashuka na lifti, ngoja niwaachie ya kwenda nayo.

Wewe unayekwenda semina: soma barua hadi nukta ya mwisho, ujue nani analipia nini. Ile karatasi ya ndani ya jalada jeusi ni deni, siyo mahudhurio. Uliza kwenye simu kabla hujaagiza, bei hii ina kodi na tozo ya kuletewa au bado? Hakuna aliyekufa kwa kuuliza bei. Na ukitaka kumtuma bodaboda akuletee chipsi za kijiweni, uliza kwanza, maana hoteli nyingi zimebandika kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, atazuiwa getini na chipsi atakula mlinzi.

Mlango ukigongwa, vaa. Siyo taulo, nimesema vaa. Fungua mlango wote, kaa pembeni, mwache apite na atoke bila kukuruka. Msalimie, "habari za kazi" haina tozo. Chakula kikiwa na kasoro, piga simu jikoni, usimfokee aliyebeba, yeye hakukaanga. Ukimaliza kula piga simu wafuate vyombo, usiweke mifupa ya kuku kwenye korido ikakusanya sisimizi.

Na tipu jamani. Wabongo tunajua kumtunza mwimba taarabu hadi noti zinamfunika, lakini mtu aliyepanda ghorofa tisa na supu bila kuimwaga tunamwambia asante na Mungu akubariki. Buku mbili haikutii umaskini. Mpe mkononi. Usiseme utaandika kwenye karatasi, kwa sababu safari ya pesa kutoka kwenye karatasi hadi mfukoni mwake wakati mwingine ni ndefu kuliko ya hiyo lifti.

Na nyie vijana wenzangu mnaoniandikia mkiuliza kazi za hoteli zikoje. Ni kazi nzuri, msitishike. Chuo cha Taifa cha Utalii kipo, chuo cha VETA cha hoteli na utalii kipo Njiro, Arusha, nendeni mkasome, kwa sababu kubeba trei nayo ni elimu. Mkishapata kazi, ulizeni habari za CHODAWU, ambacho ni chama cha wafanyakazi wa hotelini na majumbani. Mkionewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila msikae hadi siku zikapita: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka malalamiko, malalamiko mengine siku 60. Na ile siku ya usaili, mkimaliza kuulizwa maswali yenu na kuambiwa "una swali lolote?", msiseme hapana kama kawaida yetu. Ulizeni mawili tu. Kikombe kikivunjika analipa nani? Na nikifungiwa mlango usiku, anakuja nani?

Bosi akianza kukohoa kabla ya kujibu, chukueni vyeti vyenu mwende hoteli ya pili.

Mimi nimemaliza. Yule jamaa wa semina ameniomba nimtaje jina ili apate umaarufu, nimemkatalia hadi anunue chipsi, za kijiweni. Tukijaliwa tukutane wiki ijayo hapahapa. Mwenye la kusema amwandikie mhariri, matusi nayapokea ila yasizidi ukurasa mmoja.